Nebulaiza ya nyumbani: tuliyojifunza kabla na baada ya kuinunua

Mwanangu wa pili ana pumu, nasi tunakaa Chanika. Anayeijua Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Kifua kikimbana mtoto saa nane za usiku, ni kumwamsha jirani mwenye gari au kumpigia kijana wa bajaji, kupita Pugu, Gongo la Mboto, kisha kuingia Barabara ya Nyerere pamoja na malori. Vituo vya afya vya karibu vipo na vimetusaidia mara nyingi, lakini mtoto akibanwa vibaya hospitali kubwa ndiko anakohitajika, na njia ni ndefu. Kwa hiyo daktari wa kliniki yake aliposema hali yetu inastahili nebulaiza ndani ya nyumba, yaani mashine inayoigeuza dawa ya kifua kuwa ukungu wa kuvuta, mimi na baba yake hatukubishana. Tulichokalia kwa muda mrefu ni mashine ipi, na itumike vipi.

Nayaandika haya kwa sababu naona wazazi wakiingia dukani na swali moja tu, "nebulaiza bei gani?", kisha wanatoka na boksi zuri bila kuwa na kitu cha kuweka ndani yake. Muuzaji kazi yake ni kuuza. Hatakuuliza mtoto ameandikiwa dawa gani, kwa kipimo gani, wala utafanya nini dawa ikishindwa.

Kabla hatujafika hata kwenye mashine, daktari alianza na pampu ya bluu, ya salbutamol, dawa ya kufungua njia ya hewa, pamoja na spesa, lile kopo refu la plastiki lenye maski upande mmoja na tundu la kuchomekea pampu upande wa pili. Alituambia wazi kwamba kifua kikibana kwa kiwango cha kawaida, pampu ikipitia kwenye spesa, pulizo moja baada ya jingine huku mtoto akivuta pumzi taratibu, inafanya kazi sawa na nebulaiza. Haihitaji umeme, inaingia kwenye mkoba wa shule, na inamalizika kwa dakika chache. Hili watu wengi hawaliamini. Wameona hospitalini mtoto anawekwa kwenye mashine na kufunguka, wakahitimisha kwamba mashine ndiyo yenye nguvu na pampu ni ya kubabaisha. Pampu ikipulizwa moja kwa moja mdomoni mwa mtoto mdogo, ni kweli dawa nyingi inaishia kwenye ulimi na koo. Ikipita kwenye spesa, mambo ni tofauti kabisa.

Na kama spesa ya dukani ni ghali au haipatikani, kuna jambo nililoambiwa nikalipenda sana. Mwaka 1999 Heather Zar na madaktari wenzake wa Cape Town walichapisha kwenye jarida la The Lancet utafiti wa watoto waliobanwa na pumu. Walilinganisha spesa za viwandani na za kujitengenezea, na chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, ikazibwa vizuri kwa gundi, ilifungua vifua vya watoto sawa na ile ya kununua. Kikombe cha plastiki nyepesi, vile vya chai vya kutupa, kilishindwa. Kwa hiyo chupa ya maji tunayoitupa kila siku inaweza kuwa kifaa cha tiba, mradi mhudumu wa afya akuelekeze namna ya kuitoboa na kuiziba.

Basi mashine ya nini kwetu? Mwanangu akibanwa anabanwa kweli kweli, na ameshalazwa kwa ajili hiyo. Daktari akapanga hivi: kwanza pampu na spesa. Isipotosha, mashine, wakati huohuo mtu mwingine anatafuta usafiri. Yaani tulinunua kifaa cha kushikilia hali hadi tufike, na ufahamu huo ndio uliotuongoza katika kila kitu kilichofuata.

Nesi aliyetufundisha kuitumia aliniambia maneno ambayo nayarudia kwa kila anayeniuliza. "Mama, mashine yenyewe ni upepo tu. Kinachomfungua mtoto ni dawa iliyo kwenye kikombe." Akanifungulia ile ya wodini nikaona. Kompresa inasukuma hewa kupitia mrija hadi kwenye kikombe kidogo cha dawa. Hewa ikitoka kwa kasi kwenye tundu dogo ndani ya kikombe inaipasua dawa kuwa ukungu mwembamba, na mtoto anauvuta kupitia maski. Chembe za ukungu huo zikiwa kati ya maikromita 1 na 5 (maikromita elfu moja ndiyo milimita moja) zinafika ndani ya mapafu. Zikiwa kubwa zaidi zinabaki mdomoni na kooni. Ndiyo maana boksi la mashine nzuri linaandika ukubwa wa chembe, na boksi lisiloandika chochote mimi naliacha hapohapo rafuni.

Jambo jingine alilosisitiza: mashine ya nyumbani haitoi oksijeni. Hospitalini mara nyingi dawa inasukumwa na oksijeni yenyewe, kwa hiyo mtoto anapata vyote viwili. Yetu inasukuma hewa hiihii ya chumbani. Watu huku mtaani wanaiita mashine ya oksijeni, na jina hilo linaweza kumfanya mzazi akae nyumbani na mtoto ambaye midomo imeanza kuwa ya bluu.

Bibi yake, mama mkwe wangu, aliiona ikitoa ukungu akafurahi. "Mama Asia, kumbe ni nyungu ya kisasa! Tuweke na mkaratusi kidogo, kifua kitafunguka haraka." Namheshimu sana, na nyungu zake zimenituliza mafua mara nyingi. Ilibidi nikae naye chini nimweleze polepole. Nyungu ni mvuke wa maji ya moto, unapanda na kuishia puani na kooni. Huu ni ukungu wa baridi uliotengenezwa ufike mwisho kabisa wa mapafu, na kila kilichomo kinafika nao. Mafuta ya mkaratusi, mafuta ya kuchua, maji ya bomba, hata maji yaliyochemshwa, hayaingii humo. Maji matupu yasiyo na chumvi yenyewe yanaweza kuibana njia ya hewa ya mwenye pumu. Alisikiliza, akauliza, "Basi hata kidogo?" Nikamwambia, "Hata kidogo, Mama." Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi mkuu wa kikombe kile.

Sasa dukani. Tulizunguka maduka ya vifaa tiba ya Kariakoo na yale ya Upanga karibu na Muhimbili. Utakutana na aina tatu. Ya kompresa ndiyo ya kawaida, nzito kidogo, ina kelele, lakini inakubali dawa zote za kunebulaizi na mafundi wanaijua. Ya meshi ni ndogo, ya mkononi, kimya kabisa, inatumia betri au chaja ya simu, na bei yake iko juu. Kisahani chake chenye vitundu visivyoonekana kwa macho kinaziba usipokiosha mara tu baada ya kutumia, hasa kwa dawa nzito kama budesonaidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa. Ya altrasoniki inatumia mtetemo na inapasha dawa moto, na kwa budesonaidi haifai kabisa. Daktari alishatuonya kwamba siku zijazo anaweza kumwandikia mtoto dawa hiyo, kwa hiyo ya altrasoniki tuliiacha bila kujiuliza, ingawa ilikuwa inang'aa na muuzaji anaisifia.

Tulichukua ya kompresa. Kabla ya kulipa, baba Asia aligeuza mashine akasoma kibandiko cha chini. Kinapaswa kusema 220 hadi 240 volti, 50 hezi. Jirani yetu wa zamani aliletewa na ndugu yake mashine kutoka Marekani, ya volti 110, ikaungua mara ya kwanza ilipochomekwa, na moshi ukajaa chumba alimolala mgonjwa mwenyewe. Mashine za mtumba zimejaa sokoni na nyingine ni nzima kabisa, ila soma kibandiko kwanza.

Kisha tuliomba iwashwe. Muuzaji alisita kidogo, nikamwambia, "Kaka, weka maji ya chumvi yale ya hospitali, mililita tatu, tuione." Akaweka. Hapo ndipo unapojua mashine. Ukungu unatakiwa utoke mwingi na mfululizo, usiwe unakatika na kutema matone. Ujazo huo unatakiwa uishe ndani ya dakika kumi hivi. Mashine moja ya bei rahisi ilikuwa inanguruma sana lakini ukungu wake ulikuwa kama pumzi ya mtu kwenye kioo, na baada ya robo saa kikombe bado kilikuwa na maji. Mtoto gani atavumilia maski robo saa na zaidi? Tuliirudisha. Ile tuliyoinunua ilitugharimu laki na ushee, na tofauti ya bei haikuwa kubwa kama nilivyoogopa.

Swali ambalo naliona ni muhimu kuliko hata bei: vipuri vipo? Kikombe, maski, mrija na filta vinachakaa, mashine haichakai haraka. Kama duka halina maski ya mtoto ya kubadilisha wala filta za mashine hiyo, utakuja kuitupa nzima kwa kukosa kipande cha sponji. Tulinunua vipuri siku ileile. Chukua pia risiti, na uangalie kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba tangu 2019.

Kuhusu dawa nitaenda taratibu, kwa sababu hapa ndipo panapoweza kuumiza. Salbutamol ya nebulaiza inakuja kwa sura mbili. Kuna vichupa vidogo vya plastiki vya matumizi ya mara moja, tayari vimechanganywa, vingi vikiwa na miligramu 2.5 ndani ya mililita 2.5, na vingine miligramu 5 kwa ujazo uleule. Na kuna chupa ya dawa kali, miligramu 5 katika kila mililita moja, ambayo lazima ipimwe na kuongezewa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Mwanangu aliandikiwa nusu mililita ya ile kali, na maji ya chumvi mililita mbili na nusu. Hicho ni kipimo chake, wewe fuata cheti chako. Napima kwa sirinji isiyo na sindano, nainua kwenye mwanga wa dirisha au tochi ya simu hadi nione mstari, halafu namwonyesha baba yake kabla sijamimina. Usiku wa manane mtoto anapohema, macho mawili hayatoshi.

Chupa ile ikifunguliwa inatumika mwezi mmoja, inatupwa hata kama imebaki. Tarehe ya kufungua tunaiandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Maji ya chumvi tunanunua yale ya vichupa vidogo. Wapo wanaochota kwenye chupa ya dripu iliyofunguliwa wiki mbili zilizopita na kukaa kabatini. Bei ni nafuu, naelewa, lakini maji yaliyofunguliwa ni makazi ya vijidudu, na ukungu unavipeleka hadi mapafuni.

Halafu maski. Inatakiwa ikae usoni, ishike vizuri, isivuje pembeni. Nimeona mama akiishika mbali kidogo na uso ili mtoto asilie, kwa huruma. Ukungu unapotea hewani, mtoto anapata kiasi kidogo sana. Na mtoto anayelia kwa nguvu naye hapati dawa vizuri, kwa sababu kilio ni kutoa pumzi ndefu na kuvuta fupi fupi. Kwetu ilichukua muda kumzoesha. Tulimpa maski achezee akiwa mzima, akamvisha mdoli, akamvisha kaka yake, akamvisha bibi yake ambaye alikubali bila kinyongo. Siku za kweli namkalisha wima mapajani, mgongo wake kifuani kwangu, namwimbia huku mkono wangu ukiishikilia maski kidevuni. Wima, si kulala. Dawa inapokaribia kuisha kikombe kinaanza kutema tema, nakigonga kwa ukucha matone yashuke, kisha nikisikia kinakohoa tu nazima. Kinachobaki chini ni kidogo na hakitoki, hakuna haja ya kukikimbiza. Baadaye mikono inamtetemeka na moyo unamwenda mbio. Ndiyo tabia ya salbutamol, inapita.

Usafi ni kazi ya kila mara, na huwezi kuiahirisha hadi asubuhi. Nafungua kikombe vipande vyote, naosha kikombe na maski kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nasuuza, nakung'uta, navianika juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe. Mrija hauoshwi ndani, unaunganishwa na mashine inayowaka dakika moja mbili hadi unyevu uishe. Kwa kuua vijidudu fuata karatasi ya mashine yako, maana vikombe vingine vinastahimili kuchemshwa na vingine vinapinda. Filta yetu ilikuja nyeupe. Kwa vumbi la Chanika inageuka rangi ya jivu mapema, na ikigeuka naibadilisha bila kusubiri muda ulioandikwa.

Umeme nao una lake. Kompresa inataka umeme wa ukutani, na umeme unaweza kukatika katikati ya dozi, au Luku, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha usiku ule ule. Ndiyo maana pampu na spesa havikuondoka nyumbani kwetu mashine ilipoingia. Vimekaa kwenye kikapu kimoja na mashine, na uniti haziruhusiwi kushuka chini ya kiwango tulichokubaliana na baba Asia.

Lakini kilichobadilisha maisha ya mwanangu zaidi ya mashine ni pampu ya kahawia, ya kuzuia, anayopulizwa asubuhi na jioni hata akiwa mzima anakimbia. Salbutamol inafungua njia ya hewa iliyobana. Uvimbe unaofanya ibane tena kesho haiugusi. Dawa ya kuzuia ndiyo inayoutuliza uvimbe, polepole, kwa wiki kadhaa, na inataka mtoto asukutue mdomo kila baada ya kuipuliza. Hata GINA, wataalamu wa kimataifa wanaoandaa miongozo ya pumu, tangu 2019 wanasema vijana na watu wazima wasitibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu najua nyumba ambazo nebulaiza inawashwa karibu kila jioni na wazazi wanajisifu kwamba sasa hawaendi hospitali. Mashine inayowashwa kila jioni inasema pumu haijadhibitiwa. Sisi tulihamisha jiko la mkaa nje, tukaacha dawa ya mbu ya kuchoma tukabaki na chandarua, na udi wa Ijumaa bibi yake akakubali kuufukizia barazani. Kati ya hayo na pampu ya kahawia, mashine inakaa kabatini muda mrefu bila kazi.

Kwenye mlango wa kabati hilo tumebandika karatasi ya daktari. Tunaondoka mara moja kama mbavu zinazama kila anapovuta pumzi, kama hawezi kumaliza sentensi, kama midomo au ulimi unabadilika rangi, kama anasinzia kusiko kwa kawaida, kama nafuu ya dawa haidumu saa tatu nne. Na kuna mstari mmoja daktari aliupigia alama: filimbi ya kifuani ikinyamaza huku mtoto bado anahangaika kupumua, hiyo si nafuu. Maana yake hewa haipiti tena ya kutosha hata kutoa sauti. Mstari huo nimemsomea kila mtu anayebaki na mwanangu, akiwemo dada wa kazi na mwalimu wake wa chekechea.

Habari za mashine husambaa mtaani. Juzi juzi jirani alikuja kuazima, mwanawe wa miaka miwili anakohoa na kuhema tangu asubuhi. Nilimwomba tumvue mtoto shati tumhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia, kama tulivyofundishwa kliniki. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 na zaidi kwa dakika ni dalili ya kumpeleka kituoni. Zilipita hapo, na mwili ulikuwa wa moto. Tulikwenda naye kituo cha afya, akaonekana ana nimonia, akaanzishiwa dawa za kuua bakteria. Nebulaiza isingemsaidia chochote pale zaidi ya kumchelewesha. Sasa akija mtu kuazima namuuliza kwanza cheti cha daktari. Akiwa nacho, na dawa yake anayo, mashine nampa kwa moyo mweupe. Kikombe na maski anunue vyake, namwelekeza na duka.